Maswali yenu: kompyuta na kipimo cha kumeza

Mama alipata kiharusi, sasa akinywa chai anapaliwa. Hakuna programu ya simu ya kusikiliza koo lake iniambie kama yuko salama? (Dada wa Mbagala)

Pole sana dada, na mama mfikishie shikamoo. Simu itasikia mlio tu, chai imeelekea wapi haioni. Tena wapo wagonjwa ambao kinywaji huingia njia ya hewa wasikohoe hata kidogo. Hao programu itawapitisha wote. Mpeleke hospitali. Huko atamezeshwa vitu vyenye bariamu, kitu kinachoonekana wazi kwenye eksirei, huku eksirei hiyo ikichukua video, au apitishwe kamera nyembamba puani. Kwa sasa anywe akiwa ameketi wima, taratibu.

Naandika programu ya kusoma video hizo. Fremu 30 kwa sekunde zinanijazia diski. Nikibakiza 10? (Kijana wa Sinza)

Usithubutu! Kitendo chenyewe pale kooni ni kama sekunde moja tu. Kwa fremu 30 una picha kila baada ya milisekunde 33; kwa 10 ni milisekunde 100, na tone linashuka hapo katikati. Nayajua kwa sababu yamenikuta. Programu yangu ya kubana video ilikuwa ikidondosha fremu kimyakimya. Mtaalamu mmoja akaniambia, "Rudisha nyuma." Picha moja bariamu iko juu ya nyuzi za sauti, zile zilizo mlangoni pa njia ya hewa, inayofuata iko chini yake. Imepitaje? Sikuwa na jibu. Nunua diski, na faili la mashine usiliguse.

Alama za kuifundishia kompyuta niweke mwenyewe? (Huyo huyo)

Hapana, ndugu yangu. Kuna mizani ya Rosenbek na wenzake ya mwaka 1996, ya 1 hadi 8. Moja, hakuna kilichoingia njia ya hewa. Nane, kimepita chini ya nyuzi za sauti na mgonjwa hajajitahidi kukitoa. Wape video wataalamu wawili wa kumeza waweke alama, kila mmoja peke yake. Na video za mgonjwa mmoja zisiwe kwenye mafunzo na kwenye majaribio pia, maana kompyuta itakariri shingo yake.

Vibali je? (Msomaji, Ubungo)

Anzia TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kisha soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kufuta jina la faili hakutoshi: mashine nyingi huchapa jina la mgonjwa juu ya picha yenyewe, pembeni kabisa, kwa herufi ndogo nyeupe.