Volti 12 kwenye lori la jeshi la volti 24

Kaka, hilo lori lako la jeshi, M35A2, lina betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo kupata 24. Fundi aliyekwambia uvute umeme wa redio ya volti 12 kwenye betri moja, usimsikilize: betri hiyo itapungua chaji, na alteneta ikijaribu kuijaza itaipika ile nyingine kwa kuichaji kupita kiasi. Nunua konveta ya kushusha volti 24 hadi 12. Inayotoa ampea 20 kwa volti 12 itavuta kama ampea 11 tu kwenye upande wa volti 24. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri.

Ila kwanza kwangua rangi na kutu pale waya wa hasi unapofungwa kwenye chesisi. Malori haya ya zamani mara nyingi taa hufifia kwa sababu hiyo, watu wakakimbilia kubadilisha alteneta bure.