Simu yako, macho yake: majibu kwa mlioniuliza

Mume wangu anajua nachati na nani WhatsApp, ilhali simu nalala nayo chini ya mto. Anapataje?

Fungua WhatsApp, nenda penye vifaa vilivyounganishwa. Mtu akiishika simu yako dakika moja tu anaweza kuiunganisha na kompyuta yake, na tangu hapo kila ujumbe wako unaingia na kwake. Ukikuta kifaa usichokijua, usikiondoe papo hapo. Jiulize kwanza: akigundua amefungiwa, usiku huo kutakuwaje? Kama jibu linakutisha, kiache, hamishia maongezi ya siri kwingine, na uombe mtu unayemwamini aupige picha ukurasa huo kwa simu yake. “Badilisha nywila leo leo” ni ushauri mzuri dhidi ya mwizi asiyekujua. Dhidi ya mtu mnayelala kitanda kimoja, unaweza kukuletea kipigo.

Nikitumia hali fiche ya kivinjari, ataona nilichosoma?

Hali fiche huzuia historia isibaki kwenye kivinjari, basi. Programu ya upelelezi ikiwa ndani ya simu inaweza kuona unachokiona. Kufuta historia yote nako ni kumtangazia kwamba una jambo, hasa kama ana tabia ya kukagua. Futa kurasa zile tu. Salama zaidi ni kifaa ambacho hajawahi kukigusa: kompyuta ya maktaba, ya kazini, au simu ya ndugu. Ila usiingie humo kwa akaunti yako ya siku zote, maana uliyotafuta yatajiandika kwenye akaunti, naye atayasoma akiwa nyumbani.

Mke wangu ndiye anayenikagua. Naona aibu hata kuuliza.

Umeuliza mahali pake. Yote niliyoandika hapa yanakuhusu, neno kwa neno.

Nitajuaje kama simu ina programu ya kunipeleleza?

Betri kuisha haraka si ushahidi. Simu kuukuu zote ziko hivyo. Kinachonishtua mimi ni pale anapotaja jambo ambalo hukumwambia mtu yeyote. Kwenye Android, angalia kama Play Protect, kinga ya Google dhidi ya programu hatari, imezimwa, kisha angalia ni programu zipi zimepewa ruhusa za usimamizi wa kifaa na za ufikivu (Accessibility), zinazoiwezesha programu kusoma yaliyo kwenye skrini. iPhone zenye iOS 16, iliyotoka 2022, au toleo la baadaye zina Safety Check inayoonyesha nani anaona mahali ulipo. Lakini wengi hawahitaji programu yoyote: wana nywila yako ya Google, inatosha. Kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani huondoa programu nyingi za aina hii, ila ushahidi nao unaondoka, na yeye atajua.

Nataka kuondoka. Nianze na nini?

Barua pepe mpya, ifunguliwe kwenye kifaa salama, isiwe na jina lako. Maswali ya usalama yajibu kwa uongo, kwani jina la shule yako ya msingi analijua. Namba ya kurejesha akaunti isiwe laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Humo tuma nakala za vitambulisho, vyeti vya watoto na picha za vitisho alivyokuandikia. Nywila za zamani zibadilishe ukishatoka, ukiwa mahali ambapo hawezi kukufikia, ukianza na barua pepe kwa sababu ndiyo inayofungua akaunti nyingine zote. Pekua begi, gari na midoli ya watoto: AirTag, kifaa cha Apple kinachoonyesha kitu kiko wapi, ni ndogo kama kifungo cha koti. iPhone hutoa onyo ikifuatwa na AirTag ya mtu mwingine, na simu nyingi za Android zinafanya hivyo tangu 2023.

Tumeshahama, lakini watoto wana tableti aliyowanunulia baba yao.

Izimeni leo. Mkishaiondoa akaunti yake na kuifuta yote, mnaweza kuiwasha tena.