Kwa unayeanza kuchambua filamu za kutisha za zamani

Ukipewa kazi ya kuandika juu ya nafasi ya watu weusi katika filamu hizi, mkono utakimbilia kuhesabu: wako wangapi, wanaonekana dakika ngapi. Mimi nilihesabu muhula mzima. Jedwali lilipendeza, ila halikuniambia kitu.

Anza na White Zombie ya 1932, inayosimulia habari za Haiti. Ukifika kwenye kinu cha miwa, simama. Wafu wanazungusha mtambo, mbao zinalia, wengine wanapita juu na vikapu. Mmoja anaporomoka ndani ya mashine. Hakuna anayegeuka. Aliyekulia Tanzania ataliwaza neno msukule kabla ya zombi: mtu aliyechukuliwa, watu wakidhani amekufa, kumbe anatumikishwa. Hofu ya Wahaiti ilikuwa jamaa ya hiyo, kwamba utumwa unaweza kukufuata hata ukishazikwa. Lakini filamu inakiacha kinu upesi, ikaenda kumhangaikia bibi harusi wa Kizungu. Hapo ndipo pa kuandika: hofu imechukuliwa kwa nani, na tunatakiwa kumlilia nani.

Halafu njoo kwenye Night of the Living Dead ya George Romero, 1968. Duane Jones, mwigizaji mweusi, ndiye Ben, mhusika mkuu. Nafasi hiyo haikuandikwa kwa ajili ya mtu mweusi. Ben wa kwenye karatasi alikuwa dereva wa lori mwenye maneno makavu. Jones, msomi, ndiye aliyeyabadilisha maneno hayo. Kwa hiyo usimsifu mwongozaji peke yake. Uliza mwigizaji alileta nini, kwa sababu mara nyingi kazi yake haiandikwi popote.

Katika filamu nzima hakuna anayetaja rangi ya Ben. Anapigilia mbao madirishani, anatoa amri, anabishana na Mzungu mwenye familia aliyeng'ang'ania kujificha chini ya nyumba. Anaumaliza usiku akiwa hai. Asubuhi wanamgambo wenye bunduki wanamwona dirishani, wanamdhania mfu, wanampiga risasi ya kichwa.

Sasa, tafadhali, usizime. Majina ya waigizaji yanapopita, zinakuja picha za mnato zenye chengachenga kama za gazeti: kulabu za nyama, mwili wa Ben unaburutwa, moto. Filamu ilipotoka, Martin Luther King, mtetezi wa haki za watu weusi wa Marekani, alikuwa ameuawa Aprili mwaka uleule. Mara ya kwanza nilizima kabla ya picha hizo, nikaandika kwamba filamu haina la kusema kuhusu rangi. Kosa hilo linaniuma hadi leo.

Kuipata ni rahisi. Jina la filamu lilipobadilishwa, tangazo la hakimiliki lilisahaulika, ikawa mali ya umma.

Ukimaliza, tafuta Ganja & Hess ya 1973. Jones yumo tena, na safari hii mwongozaji, Bill Gunn, naye ni mweusi. Itazame mara mbili kabla hujashika kalamu.