Simu ikianguka, tafuta utulivu wa angani kabla ya kishindo

Mkuu, umesema programu yako inasoma aksileromita (kihisi cha mchapuko kilicho ndani ya simu) na kuhesabu anguko kila usomaji unapozidi 25 m/s². Inapiga kengele simu ikibwagwa mezani, halafu simu ikianguka kweli kwenye zulia, kimya. Ukipandisha kikomo inakosa maanguko, ukishusha inazua. Namba hiyo utaihangaikia bure, kwa sababu unapima kishindo, na kishindo hakisemi kilitanguliwa na nini.

Aksileromita haipimi kasi. Inapima kile kinachoizuia simu isianguke. Ikiwa imelala mezani inasoma 9.81 m/s² kwa kuwa meza inaibeba. Ikiachiwa haibebwi tena na chochote, kwa hiyo usomaji unashuka karibu na sifuri na kubaki huko mpaka igonge chini. Hapo ndipo pa kuangalia. Tumia mihimili yote mitatu pamoja, yaani kipeuo cha pili cha x² + y² + z², maana hujui simu itaanguka imeelekea wapi. Kwa sampuli 100 kwa sekunde, anguko linatoa mfuatano wa namna hii:

9.8 9.6 6.3 1.9 0.7 0.6 0.8 … 0.9 1.1 58 23 4 14 9.1 9.8

Kile kipande cha namba ndogo katikati ndicho anguko lenyewe. Simu ikiachiwa bila kusukumwa, muda wake unatokana na kimo tu, uzito hauhusiki: t = √(2h/g), h ikiwa kimo na g mvutano wa dunia, 9.81 m/s². Kutoka sentimita 25 ni sekunde 0.23, sentimita 50 ni 0.32, mita 1 ni 0.45, mita 1.5 ni 0.55. Kwa hiyo sharti la kwanza liwe: usomaji chini ya 3 m/s² mfululizo kwa angalau sekunde 0.2, ambayo ni anguko la kama sentimita 20. Kishindo kije baada ya hapo, ndani ya sekunde 0.15, kama uthibitisho tu.

Kwa nini 3 na si 0.5? Kihisi chenyewe kina kosa dogo la kudumu, na hewa nayo inaibeba simu kidogo inaposhuka ikiwa bapa. Lakini sababu kubwa ni kupinduka, na hapa ndipo programu nyingi zinapokwama. Kihisi hakikai kwenye kitovu cha uzito wa simu, kiko pembeni kwa sentimita kadhaa. Simu ikizunguka angani, kihisi kinasoma ω²r (ω ni kasi ya mzunguko, r ni umbali wa kihisi kutoka kitovu) hata kama simu inaanguka huru kabisa. Chukua r ya sentimita 5: mzunguko mmoja kwa sekunde, yaani 6.28 rad/s, unaleta karibu 2 m/s². Kwa 10 rad/s inafika 5, na kikomo chako cha 3 kimeshapitwa. Simu inayoteleza kwenye ukingo wa meza hupinduka hivyo hivyo, na hilo ni anguko la kawaida sana.

Kama kifaa kina jairoskopu (kihisi cha mzunguko), pandisha kikomo kulingana na mzunguko: 3 + 0.06 × ω², bila kuzidi 7. Kama hakina, angalia kutotikisika. Simu iliyo angani husoma namba isiyobadilika sana, hata kama si sifuri. Usomaji ukiwa chini ya 7 na tofauti kati ya mkubwa na mdogo ndani ya sekunde 0.2 ikiwa chini ya 1.5, mkono wa mtu ni vigumu kufanya hivyo. Mimi naona kipimo hiki kina thamani kuliko kikomo chochote cha kishindo.

Upande wa Android, soma TYPE_ACCELEROMETER, si TYPE_LINEAR_ACCELERATION. Hiyo ya pili imeshaondoa mvutano wa dunia, kwa hiyo mezani inasoma sifuri na ikianguka inaelekea 9.8, kila kitu kinageuka, tena makadirio yake ya mvutano huchelewa. Kwenye iPhone soma data ghafi ya aksileromita, na kumbuka inakuja kwa vizio vya g, kwa hiyo zidisha kwa 9.81.

Usiache kasi ya usomaji kwenye SENSOR_DELAY_NORMAL. Inatoa sampuli kila milisekunde 200, na anguko la mita 1 linakupa sampuli mbili. Omba mikrosekunde 10,000. Muda upime kwa event.timestamp, ambayo ni nanosekunde, usihesabu sampuli wala usitumie saa ya simu, kwa kuwa matukio huweza kufika kwa mafungu. Na usilainishe data kwa wastani: wastani wa sekunde 0.2 unalimeza nusu au zaidi ya anguko fupi na kukibonyeza kishindo.

Kishindo chenyewe kwenye sakafu ngumu kinadumu milisekunde chache, kwa hiyo kilele kinaweza kupita katikati ya sampuli mbili. Angalia pia getMaximumRange(), yaani upeo wa kihisi: kihisi cha ±2 g kinagota kwenye 19.6 kwa kila mhimili, hivyo simu ikitua bapa 25 yako haifikiwi kamwe. Weka 20, au asilimia 80 ya upeo huo, ipi ndogo.

Vinavyofanana na anguko ni vitatu. Kutikisa simu kunashusha usomaji kwa chini ya sekunde 0.1, sharti la muda linatosha kuliondoa hilo. Kuruka ukiwa na simu mfukoni, na kuirusha juu na kuidaka, hayo ni maanguko huru kweli, maana hesabu inaanza simu inapoachana na mkono, hata ikiwa bado inapanda. Yatenganishe kwa kinachofuata: subiri sekunde 1 midundo iishe (kila mdundo ni anguko dogo, usiuhesabu upya), kisha tazama sekunde 2. Sakafuni usomaji unatulia ndani ya 0.3, mkononi au mfukoni unaendelea kucheza. Kwa sababu hiyo hiyo usitangaze kimo kwa ½gt² kabla ya kutenganisha. Sekunde 0.6 za angani ni mita 1.77 kwa simu iliyoanguka, lakini iliyorushwa na kudakwa pale pale ilipanda sentimita 44 tu.

Kuanzia Android 9, programu iliyo nyuma (isiyo kwenye skrini) haipati usomaji wa aksileromita. Unahitaji huduma ya mbele (foreground service) yenye arifa. Skrini ikizimwa prosesa inalala, na kuizuia isilale kunakula betri. Ukijenga kifaa chako mwenyewe, chipu kama ADXL345 inatambua anguko yenyewe na kuamsha prosesa: rejista 0x28 ni kikomo kwa hatua za 62.5 mg (elfu moja za g), 0x29 ni muda kwa hatua za milisekunde 5. Anza na thamani 0x07 kwenye ya kwanza na 0x28 kwenye ya pili.

Jaribu juu ya godoro, ukipima kutoka chini ya simu hadi uso wa godoro: sentimita 25, 50 na 100, mara 10 kila kimo, bapa, kwa ukingo, na kwa kuipindua. Hifadhi data ghafi kwanza, vikomo urekebishe baadaye juu ya rekodi hizo. Muda uliopimwa ukipishana na fomula kwa zaidi ya sampuli mbili tatu kwenye maanguko ya bapa, anza kukagua timestamp kabla ya kugusa kikomo chochote.