Ladha ya kuungua ni koili, usirudie sigara

Dada, umesema umeacha sigara wiki hii, ukanunua vepu, yaani sigara ya kielektroniki, pale Luthuli Avenue, Nairobi, na sasa kila ukivuta unapata ladha ya kuungua na kikohozi juu yake. Pole sana. Mimi pia nilianzia hapo hapo, nikabaki kidogo tu nirudie pakiti.

Tatizo ni koili, kile kipande chenye waya kinachopasha moto juisi ya nikotini. Ndani yake kuna pamba inayofyonza juisi. Ukiiwasha ikiwa kavu inaungua, na ikishaungua haiponi. Hiyo itupe. Chukua mpya uitazame kwenye vitundu vya pembeni: utaona pamba nyeupe. Dondoshea matone machache mpaka ilowe, ifunge, jaza tangi, kisha subiri dakika 10 bila kugusa kitufe. Anza na wati za chini kabisa kati ya zile zilizoandikwa kwenye koili yenyewe. Na usivute mfululizo, pamba inahitaji muda wa kulowa tena.

Ukisikia kizunguzungu au kichefuchefu, nikotini imezidi. Weka chini, na ukinunua tena chukua juisi yenye miligramu chache zaidi. Chupa ifungie mbali na watoto, maana nikotini ikimezwa ni sumu. Betri ya akiba usiitie mfukoni pamoja na funguo na sarafu za matatu, inaweza kushika moto.

Kifua kikibana, au kikohozi kikiendelea hata na koili mpya, acha kuvuta uende hospitali ukamweleze daktari kila kitu, pamoja na miaka ya sigara.