Bunduki ndani ya nyumba, si kwa kila mkulima

Ndugu yangu, unasema kila mkulima huku Iringa angekuwa na bunduki yake, wezi wa mazao na nguruwe pori wangetukoma. Uchungu wako naujua. Nimekulia Isimani. Babu alikuwa na gobore, limeegemezwa nyuma ya mlango, baruti kwenye kopo la mafuta ya kupaka. Sisi watoto tulikuwa tunalishika akienda kilabuni. Mpaka leo nikikumbuka mdogo wangu akichungulia mdomo wa lile bomba, mwili unanisisimka.

Halafu hapa hapa kwetu, siku ya Krismasi 1971, Mkuu wa Mkoa Dkt. Wilbert Kleruu alipigwa risasi na mkulima Said Mwamwindi. Ilikuwa wakati wa ujamaa, ugomvi umezuka shambani. Wengine bado wanamwita shujaa, wengine muuaji, mimi siingii huko. Ninachokitazama ni kwamba hasira ilipopanda, bunduki ilikuwa karibu. Mmoja akafa siku ile, mwenzake akanyongwa baadaye.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 2015 haikatazi kumiliki. Inataka uombe leseni, uchunguzwe kwanza, na silaha uitunze mahali salama. Usumbufu, ndiyo, lakini naukubali kwa moyo wote.

Kwa nguruwe, sisi tunalinda kwa zamu usiku, mbwa na madebe ya kupiga. Wakizidi, mwambie mtendaji wa kijiji aite askari wa wanyamapori. Na kama kuna gobore la marehemu mzee hapo nyumbani, lipeleke polisi wiki hii.