Visima vinavyohama kwenye ramani

Ndugu muulizaji, unasema alama za visima mlizochukua kwa simu huko Newala haziendani na ramani ya zamani ya karatasi. Kabla ya kuilaumu simu, ambayo penye anga wazi hukosea mita chache tu, someni maandishi ya pembezoni mwa karatasi hiyo: ramani nyingi za zamani za Tanzania zilichorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali, ilhali simu hutumia mfumo mwingine, WGS 84, na tofauti kati ya mifumo hiyo ni kama mita 300, ambazo kwenye kingo za uwanda wa Makonde zatosha kukitupa kisima bondeni. Katika QGIS, programu ya bure ya kompyuta ya kuchorea ramani, itambulisheni ramani hiyo kuwa Arc 1960, UTM kanda ya 37 kusini (UTM ni mgawanyo wa dunia katika kanda za ramani), ili programu iioanishe na alama za simu.